Kichwa Kimoja, Kazi Kumi

Vijana wenzangu, leo nina swali: kumsikiliza mtu huku unachati ni kosa, au ndiyo maisha ya siku hizi? Kabla hujajibu, tupite kidogo kwenye historia ya kompyuta.

Macintosh ya kwanza ya Apple ilitoka Januari 1984. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128 tu, na iliendesha programu moja kwa wakati. Ukiwa unaandika barua, halafu unataka kuchora, ilibidi ufunge barua kwanza. Mwaka 1985 Andy Hertzfeld, mmoja wa walioiunda, akatoa Switcher. Hiyo iligawa kumbukumbu ya mashine, kila programu ikapewa sehemu yake, mtu akawa anahama kutoka moja hadi nyingine bila kufunga kitu. Mwaka 1987 ikaja MultiFinder, na programu kadhaa zikaonekana zinafanya kazi pamoja.

Nimesema "zikaonekana". Prosesa ilikuwa bado inafanya jambo moja tu kwa wakati, ila zamu zilibadilishwa haraka mno. Tena zamu zenyewe zilitegemea adabu: programu iliyo kazini ilipaswa kuzipisha nyingine kwa hiari yake. Ikigoma, mashine nzima inaganda.

Na kabla ya kuhama, mashine huhifadhi kila kitu pale ilipoishia. Ikirudi, inaendelea kana kwamba haikuondoka. Sisi hatuko hivyo. Ukitoka kwenye meseji ukarudi kwa rafiki yako, unarudi na nusu ya meseji kichwani, na alichokisema katikati kimeshapita.

Utaniambia, mbona mama anapika huku anaimba? Sawa, mikono imeshazoea. Lakini rafiki anayekueleza msiba wake si sufuria. Tangu zamani wanafalsafa wanasema haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Anayekufungulia moyo anakudai usikivu wako, na huo hauwezi kumpa robo ukasema umelipa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni kosa. Na ubaya wake si kwamba unachati. Ubaya ni kwamba uso wako unasema "nipo" wakati haupo. Programu haiumii ikidanganywa kwamba iko peke yake. Mtu anaumia, hata asiposema.

Je, ukiwa na kazi ya haraka kweli? Mwambie wazi: "Nipe dakika tano nimalize hii, halafu nakusikiliza." Hapo hujamnyima haki yake, umempangia zamu yake. Na zamu ikifika, simu nayo ipishe. Hata kwenye rozari ni hivyo hivyo: makumi mawili ukiwa upo kweli yanazidi matano uliyosali huku unasoma status.

Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka. Wiki hii, mchague mtu mmoja umpe zamu nzima.