Mtumbwi Wako Unalala Wapi?

Mwenye jahazi kule pwani huchagua bandari kwa kuuliza: kusi ikivuma, hapa nitakingwa? Sisi wa mtoni swali letu ni maji. Masika Mto Kilombero hufurika, na ukingo uliokuwa mkavu mwezi wa Oktoba hugeuka ziwa. Funga mtumbwi kwa kamba fupi kwenye kigingi kifupi, alfajiri utaukuta umevutwa pua chini, umejaa maji, kafi limekwenda zake. Kamba iachie nafasi, uifunge kwenye mti wenye mizizi.

Tazama na matope. Ukiona njia pana iliyochimbwa na nyayo za kiboko, hapo pana mwenyewe. Usiku hupita kwenda malishoni, na hapigi hodi.

Wengi hutaka kufunga karibu na barabara, samaki wawahi mjini Ifakara. Sawa, lakini barabara hailindi chombo usiku. Siku hizi daraja la Mto Kilombero limepokea kazi ya pantoni. Lakini mvuvi bado anafunga kamba mwenyewe.

Leo ukishuka mtoni, waulize wazee: masika yaliyopita maji yalifika mti upi?