Je, Kipimo Chatosha Kumhukumu Mtu?

Nilipokwenda Iringa kumzuru ndugu yangu, mama mmoja alinijia baada ya sala ya isha, analia. Mwanawe ni dereva wa lori, njia yake Dar es Salaam hadi Tunduma. Siku moja, katika mteremko wa Kitonga, aliona lori la mbele yake likikosa breki na watu wakifa. Tangu siku hiyo usingizi ukampaa, moyo humwenda mbio, na mikono humtetemeka akishika usukani. Daktari akamwandikia diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Punde tajiri wake akawapima madereva wote mkojo. Kijana akaonekana ana dawa, akafukuzwa, na kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa ukisema anakula unga.

"Sheikh," akaniuliza mama, "mwanangu ni mlevi?"

Ndugu msomaji, kwanza yafaa tujue kipimo kile husema nini. Kila jamii ya dawa ina kistari chake: bangi chake, heroini chake, na diazepamu na jamaa zake chao. Basi aliyesoma kistari cha diazepamu akatangaza unga, amesema lisilokuwamo. Tena kistari kikitokea, maana yake dawa haikuonekana. Kikikosekana, ndiyo yaonekana. Ni wangapi wasiolijua hilo wakasoma kinyume!

Kisha, kipimo hiki cha haraka hukisia tu. Sertralini, dawa ya sononi na hofu, huweza kumwonyesha mtu ana dawa za jamii ya diazepamu hali hajazigusa. Efavirenzi, waliyopewa miaka mingi wagonjwa wa UKIMWI kabla ya kuja dolutegraviri, huweza kufanya hivyo, na hata kuonyesha bangi. Na Iringa na Mbeya ni katika mikoa ambayo maradhi hayo yameiumiza sana. Upande wa pili, anayekunywa lorazepamu au klonazepamu kila usiku kama alivyoagizwa huweza kuonekana hana kitu, akashukiwa kuwa anaziuza. Mmoja hutuhumiwa kwa kuonekana nayo, mwenziwe kwa kutoonekana nayo!

Wanavyuoni wa fiqhi wametufunza kuwa yakini haiondoki kwa shaka. Asili ya mtu ni kuepukana na tuhuma mpaka ithibiti. Na njia ya kuthibitisha ipo: sampuli ipelekwe maabara yenye mitambo inayotambua dawa yenyewe kwa jina lake, na Mkemia Mkuu wa Serikali anayo maabara ya kanda huko huko Mbeya. Mtu aulizwe pia anatumia dawa gani, na cheti chake kitazamwe. Mwezi wa Februari 2017, pale Dar es Salaam, watu walitajwa majina hadharani kwa tuhuma za dawa za kulevya kabla ya mahakama kusema neno. Jina likishatajwa hivyo, nani atalirudisha?

Lakini sitampendelea kijana. Kipimo chake hakikusema uongo: diazepamu alikuwa nayo kweli. Dawa hiyo huleta usingizi na kuuchelewesha mkono, na hukaa mwilini; kwa aliyeizoea huonekana mkojoni hata wiki kadhaa. Roho za watu barabarani ni amana. Alimficha tajiri wake, na hilo ni kosa. Tajiri alikuwa na haki ya kumteremsha kwenye usukani. Hakuwa na haki ya kumnyima nafasi ya kujieleza, wala ya kuiachia khabari itoke ofisini. Angeweza kumpa kazi ya bohari mpaka apone. Na nimwulize: dereva atasemaje ukweli, ikiwa malipo ya ukweli ni kufukuzwa?

Nilimjibu mama kuwa mwanawe ni mgonjwa, si mlevi. Nikasikia kwamba kwa hasira amevitupa vidonge vyote chooni. Nikamhimiza arudi kwa daktari asubuhi ile ile, maana aliyezoea dawa hizi akiziacha ghafla huweza kushikwa na degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Waliolieneza neno la unga, watatu kati yao nilisali nao safu moja. Niliwaambia waende kwa mama yule wakamtake radhi. Wawili walikwenda usiku ule ule. Wa tatu alisema atakwenda Ijumaa.