Kijana amechaguliwa kusomea maigizo: Tumjibu nini?

ALHAMISI moja baada ya swala ya Alasiri alinifuata kijana niliyemfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Kiwira. Alitoa salamu, akakaa kwenye mkeka, akanipa simu yake nisome. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, vyuo vikuu viwili vimemchagua kusomea shahada ya ualimu. Kwa utaratibu wa TCU, aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ili athibitishe kimoja kabla ya muda kwisha. Zilibaki siku nne.

La pili, chuo kimoja cha sanaa kilimjulisha kwamba amefaulu usaili na amepata nafasi ya kusomea stashahada ya sanaa za maonyesho. Vyuo vyenyewe sivitaji, maana ubishi wetu hauko huko. Ubishi uko kwetu.

Baba yake ni mfanyabiashara wa ndizi, mtu wa swala tano, na pale msikitini hakuna mchango unaompita. Aliposikia habari ya usaili aliuliza swali moja tu: "Nimekusomesha mpaka kidato cha sita ukawe kikaragosi?" Mtoto akakosa jibu. Ndipo akaja kwangu, na mimi nikaona aibu kidogo. Msomaji ataelewa kwa nini.

Miaka miwili iliyopita, kwenye mahafali ya wanafunzi wa Kiislamu, tuliandaa igizo la mateso ya Bilal (r.a.). Tulijua kuwa wanazuoni wengi wanakataza kuwaigiza Masahaba, kwa hiyo Bilal tulimweka nyuma ya pazia. Hakuonekana, na mateso yake yalisimuliwa na mtu mwingine. Lakini bwana wake, Umayya bin Khalaf, ilibidi aonekane. Nani angemwigiza Umayya? Vijana wote walikuwa tayari kuwa Waislamu wanaoteswa, na hakuna aliyetaka kuwa kafiri anayetesa. Nikamteua huyu. Kwa baridi yetu ya Kiwira, kuwafanya watu waliojifunga mashuka waamini kuwa wako kwenye jua la Makka si kazi ndogo. Aliiweza. Kina mama walilia. Siku ile zilichangwa fedha za mabati kuliko mahafali yoyote niliyowahi kuhudhuria hapa.

Tulipotoka nje, mzee mmoja alimshika mkono yule kijana akamwambia arudie shahada, kwa kuwa ametamka maneno ya ukafiri mbele ya watu. Kijana akairudia pale pale, akitetemeka. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mshindi wa siku ile, sikutaka kuharibu.

Sasa tujiulize. Kama igizo ni haramu, nani alianza kuifanya haramu ile? Na kama ni halali kwa sababu lilileta mabati, inakuwaje kijana akitaka kwenda kujifunza kazi hiyo ipasavyo ageuke aliyepotea?

Tusifanye mzaha na wanaokataza, kwa sababu wana hoja. Wapo wanazuoni wakubwa wa zama zetu, Sheikh Bakr Abu Zayd miongoni mwao, ambaye aliandika kitabu kizima dhidi ya uigizaji. Hoja zao kwa ufupi ni kwamba muigizaji anasema uongo, anatamka yasiyotamkwa, anajifananisha na waovu, na kazi yenyewe imezungukwa na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Wanaikumbusha pia hadithi iliyopokelewa na Abu Daud na Tirmidhi yenye onyo kali kwa mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu.

Upande wa pili wapo wanaoruhusu kwa masharti. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, hakuishia kutoa fatwa. Yeye mwenyewe aliandika tamthilia, mojawapo ikihusu mwanachuoni Said bin Jubayr mbele ya dhalimu Hajjaj. Wenye msimamo huu hutaja jinsi Jibril (a.s.) alivyomjia Mtume (s.a.w.) kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe mno, akauliza maswali ambayo majibu yake anayajua, ili Masahaba wajifunze dini yao. Hutaja pia wale wagombanao walioingia kwa Nabii Daud (a.s.) katika Surat Swaad, ambao wafasiri wengi wanasema walikuwa malaika na kwamba ule ugomvi wa kondoo ulikuwa mfano.

Katika suala la uongo mimi sioni ugumu mkubwa. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwapo. Hakuna aliyetoka ukumbini kwetu akakimbilia kituo cha polisi kuripoti kwamba kuna mtu amewekewa jiwe kifuani. Watu walijua na kijana alijua, kama vile mwalimu wa hesabu anaposema "Juma ana mbuzi kumi" hakuna anayemwuliza zizi liko wapi.

Maneno ya ukafiri ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Imamu anayesoma Surat Naziat ndani ya swala hutamka kwa ulimi wake dai la Firauni la kuwa yeye ndiye mola mkubwa, na hakuna anayemwambia arudie shahada. Anasimulia kauli ya mwingine. Je, muigizaji naye si msimulizi? Nilimwambia kijana hoja hii nikidhani nimemaliza. Akanyamaza, kisha akasema: "Ustadhi, imamu anasoma tu. Mimi siku ile ilinibidi niitafute ile hasira ndani yangu. Na niliipata haraka. Niliijua."

Nimefundisha zaidi ya miaka kumi na sijapata jawabu la kulingana na kauli ile. Nimewahi kutoa darsa ngapi juu ya kibri, na ni mwanafunzi gani aliyewahi kuniambia kwamba amekiona kibri cha Umayya kimekaa ndani mwake? Huyu alikiona, kikamtisha, na alipoambiwa arudie shahada alitetemeka kwa sababu alijua anachokikimbia. Lakini kauli hiyo hiyo ni hoja ya wanaokataza. Mtu anayefungua mlango wa hasira kila siku kwa ajili ya alama za mtihani, siku moja hataukuta umebaki wazi? Sina hakika, na sipendi kujifanya ninayo.

Nisichokubali ni unafiki wetu. Filamu ya The Message ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976, imeonyeshwa kwenye nyumba zetu na kwenye shughuli zetu za Maulid. Mtume (s.a.w.) hakuonyeshwa wala sauti yake haikusikika. Lakini Hamza (r.a.) wa toleo la Kiingereza ni Anthony Quinn, mtu ambaye hakuwa Muislamu. Tumemlilia Hamza wa Quinn. Kijana wetu wa Kiwira ndiye tunamwita kikaragosi.

Tazama pia filamu zetu za Kiswahili. Kwa miaka mingi Waislamu tumelalamika, na ni haki yetu, kwamba anapotakiwa mganga wa kienyeji katika filamu huvishwa kanzu na kofia, akapewa tasbihi, akaanza kunong'ona Kiarabu kilichovunjika. Gazetini tunalalamika, misikitini tunalalamika. Lakini walipokaa kuandika hadithi ile, nani kati yetu alikuwapo mezani awaambie kwamba hivi sivyo? Tulikuwa tumewakataza watoto wetu wasiende.

Hata hivyo, nikimwambia kijana aende ili akatusafishie sura, ninamdhulumu. Ana miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza wanaweza kumkabidhi kanzu hiyo hiyo wamwambie awe mganga. Atafanya nini? Jumuiya iliyomnyima nauli haina haki ya kumfanya balozi.

Tusijidanganye kuwa jukwaa ni jambo geni kwa Waislamu wa nchi hizi. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kinjeketile yake ya mwaka 1969 imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari, Waislamu na wasio Waislamu. Kule Mombasa, Alamin Mazrui, wa ukoo ule ule wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Kilio cha Haki mwaka 1981, na mwaka uliofuata akawekwa kizuizini na serikali ya Kenya. Ni watu wangapi wanaofikishwa huko na kazi ya vikaragosi? Na Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, ni mji ule ule wa Sheikh Ramiya, mtumwa aliyekuja kuwa mwanachuoni, ambaye darsa zake ziliwavuta watu wa mwambao hadi alipofariki mwaka 1931. Anayekwenda kusoma huko haendi nchi isiyo na adhana.

Hoja za baba nyingine zilikuwa za kidunia, nazo zilikuwa nzito. Mtoto ana sifa za shahada, kwa nini ashuke kwenye stashahada? Ada itatoka wapi? Mikopo ya serikali kwa stashahada, iliyoanza mwaka 2023, ilielekezwa kwenye fani maalumu kama afya na ualimu, na maigizo hayakuwamo. Ualimu una uhakika. Hapo kwenye uhakika nilimwambia mzee kwa adabu kwamba mimi ni mwalimu mwenye shahada, na ninawajua wenzangu waliomaliza chuo wanaosubiri ajira mwaka wa nne huu, mmoja wao anauza vocha stendi.

Kisha nikamwuliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomkera. Je, mwanawe angechaguliwa kusomea uhasibu akaajiriwa na benki inayokula riba, angemkatalia? Wapo kwenye jamaa zetu wanaofanya kazi huko. Wakija likizo tunawakalisha mbele, tunapokea sadaka zao. Na riba, tofauti na maigizo, haina wanazuoni wawili wanaobishana. Hakunijibu.

Lakini baba naye ana haki, na kijana alidhani kwa kuwa nimeegemea upande wake nitaifuta. Ibn Taymiyya aliona kwamba wazazi hawawezi kumlazimisha mtoto kuoa asiyemtaka, kama wasivyoweza kumlazimisha kula chakula asichokipenda. Ninaona kazi ya maisha iko karibu na hapo, maana atakayeamka nayo kila siku ni yeye. Hilo halimtoi kwenye wajibu wa kuzungumza na mzee wake kwa upole, wala halimlazimishi baba kulipia asichokiridhia. Nilimwambia kijana hivyo waziwazi. (Angekuwa binti, nakiri, kikao hiki kisingefika dakika tano, na nina wasiwasi kwamba hata mimi ningekuwa wa kwanza kukifunga.)

Nilimpa kazi moja: apige simu chuoni kabla hajaswali istikhara. Watu wetu wameigeuza istikhara kuwa kungojea ndoto. Mtume (s.a.w.) aliifundisha kama dua ya mtu aliyekwisha kulikusudia jambo, na Qur'an katika Aal Imran inataja kushauriana kwanza, kisha kuazimia, kisha kutawakali. Sasa utaazimia nini usichokijua? Aulize mazoezi yanaanza na kwisha saa ngapi, na Ijumaa inakuwaje. Aulize kama mwanafunzi anaweza kukataa nafasi ya mlevi anayemkumbatia mwanamke jukwaani, na akikataa anapoteza alama ngapi. Aulize masomo ya ngoma yanavaliwa nini.

Alirudi kesho yake. Alisema swala zinapangika. Ngoma ni lazima, mavazi yanazungumzika. Kuhusu nafasi, aliyempokea simu alikuwa mkweli: wapo walimu wanaokuelewa na wapo wasiokuelewa, na maksi wanatoa wao. Nikamwambia hilo ndilo la kuswalia istikhara, mengine ameshayajua.

Jumapili jioni walikuja wote wawili. Mvua ilikuwa inanyesha, mzee hakutaka hata kuketi. Aliniuliza: "Ustadhi, siku mwanangu akiigiza lisilofaa, mbele ya Mwenyezi Mungu ataulizwa nani, yeye au wewe?"

Nikamwambia ataulizwa yeye, na mimi nitaulizwa kwa kumteua kuwa Umayya, kwa sababu njia hii niliianza mimi. Sikutaja zile fedha za mabati alizochanga yeye mwenyewe siku ile, ingawa zilinijia mdomoni.

Muda wa TCU ulipita, ile namba ya kuthibitisha haikutumika. Ada ya muhula wa kwanza tumechanga watu watatu, mimi mmojawapo, na bado sijui kama kwa kufanya hivyo nimemsaidia kijana au nimeingia kati ya mtu na mtoto wake. Kijana aliondoka kwa basi la alfajiri. Nauli alilipa baba yake, akamfungia na ndizi za njiani. Ijumaa iliyofuata mzee alikuwa safu ya mbele kama kawaida. Tulipotoa salamu tulipeana mikono, lakini hakunitazama.