Nyumba Iliyobomolewa

Wakatekumeni wapenzi, mmeniuliza kama anayebatizwa imempasa kuichukia nyumba ya wazee wake. Sikilizeni habari ya Watukano, wakaao kando ya mito ya Rio Negro ya juu katika nchi ya Brazili.

Zamani jamaa nyingi zilikaa chini ya paa moja la majani ya mitende. Nyumba hiyo huitwa maloka. Mlango wa mbele ni wa wanaume, wa nyuma ni wa wanawake. Humo walipika, walilala, walicheza ngoma zao, na wafu wao waliwazika humo humo. Mwaka 1914 walifika Mapadri Wasalesiani, wa shirika lile lile tulijualo huku Katanga tangu 1911. Walijenga shule, waliuguza wagonjwa. Lakini maloka waliiita nyumba ya shetani, wakawahimiza watu waibomoe, kila jamaa ikae peke yake. Hilo lilikuwa kosa, nami nalisema ingawa ni mwana wa Misioni.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba mema yaliyomo katika desturi za mataifa yasipotee, bali yatakaswe. Mwaka 1987 wenyeji wa mito ile waliunda shirikisho lao, na maloka zimesimamishwa tena. Miti na majani hupatikana mwituni, nyimbo je? Aliyelelewa bwenini, akikatazwa lugha ya mama yake, atazipata wapi, isipokuwa kwa mzee aliyesalia?

Basi, aliye na babu aende amwulize baraza la kijijini ilijengwaje. Aniletee jibu siku ya mafundisho.