Mwalimu wa Lugha na Mhubiri

Wako wanaotucheka sisi walimu wa Kiswahili, wakidai kwamba tumegeuka wahubiri: penye watu wawili hatukosi kuitaja lugha, na asiyeijua twamhurumia kama kondoo aliyepotea. Shutuma hii yastahili kupimwa kabla ya kukataliwa.

Neno lenyewe halina ubaya. Kuhubiri na habari ni maneno ndugu, yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mhubiri, kwa asili, ni mwenye kupasha habari. Mtu aliyeonja jambo jema akanyamaza kimya, huyo ndiye wa kushangaza.

Wanaotucheka, kwa maoni yetu, wanamchanganya mhubiri na mtoa amri. Hapa kwetu Kamembe mfano hauko mbali. Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, na yasimuliwa kwamba mwaka uliofuata kahawa ilipandwa papo hapo. Injili na kahawa zikatoka mlango mmoja. Lakini katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wakulima kupanda kahawa, na tangu hapo kahawa haikuhitaji tena mtu wa kuisifu. Mhubiri, hata awe na sauti kubwa namna gani, hutegemea masikio ya wasikilizaji. Wakiondoka, amebaki peke yake. (Wamisionari hao, tukumbushane, walikitilia shaka Kiswahili chenyewe, wakikiona kuwa ni lugha ya Uislamu.)

Sasa tujitazame. Kwa miaka mingi mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda hakuwa na sheria ya kumtangulia. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi. Bidii yetu sasa ina sheria nyuma yake, na kalamu nyekundu mkononi. Mwanafunzi hawezi kuondoka kama aondokavyo msikilizaji wa mahubiri.

Mchuuzi wa Kamembe aliyezoea kuvuka Rusizi kwenda Bukavu hakungoja sheria hiyo. Husema batu na bintu, kama wasemavyo ng'ambo, akauza, akakopesha, akadai chake. Tukimwambia mwanawe kwamba Kiswahili cha mama yake ni uharibifu, tumemdai mtoto atubu, na hapo wanaotucheka wana haki. Tena tumempita mhubiri, kwani toba yetu ina alama za mtihani.

Kufundisha Kiswahili sanifu ni wajibu wetu, wala hatuuonei haya. Lakini yawezekana kuandika ubaoni batu na watu, bintu na vitu, kisha kumwuliza mtoto ni lipi lisemwalo sokoni na ni lipi la kuandikia barua. Yumkini yeye atakuwa wa kwanza kutuonyesha kwamba batu na bintu ziko karibu zaidi na abantu na ibintu za Kinyarwanda kuliko maneno yetu ya kitabuni.