Huyu Siye Mwalimu

Sanamu ya Julius Nyerere ilipozinduliwa Addis Ababa, Februari 2024, kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, hotuba zilizungumzia ukombozi wa bara. Watanzania wengi mitandaoni walizungumzia uso. Heshima tumeipokea, walisema, lakini huyu siye.

Ni rahisi kuwacheka. Wengi wao walikuwa watoto, au hawajazaliwa, Mwalimu alipofariki Oktoba 1999. Nyerere wanayemjua ni wa noti ya 1000, wa picha iliyotundikwa ukutani ofisini, wa hotuba zinazorudiwa redioni. Wanalinganisha sura ya kutengenezwa na sura nyingine ya kutengenezwa. Na mchongaji anayemchonga marehemu hana cha zaidi. Picha humpa uso kutoka upande mmoja, katika mwanga mmoja. Sanamu inadai kisogo, unene wa shavu, mwinamo wa shingo, na vyote vikubaliane mtu anapoizunguka. Kisichoonekana pichani inambidi akibuni. Anaweza kupatia kila kipimo, jicho hadi jicho, pua hadi kidevu, na bado akamtengeneza mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo ninaposimama na walalamikaji. Kumtambua mtu si kumpima. Mjomba wako unamjua kwa mgongo katikati ya msongamano wa Kariakoo, kabla hajageuka, na ukiulizwa umemjuaje huna jibu la maana. Ujuzi huo anao hata asiyeweza kuchora yai. Mpe mtu yeyote kisharubu kile na kifimbo mkononi, utapata mwigizaji wa Nyerere. Mtazamaji wa kawaida huona tofauti hiyo papo hapo, huku mtaalamu akiwa bado anaeleza ugumu wa kazi.

Hata hivyo, kufanana peke yake hakutoshi kueleza kwa nini sanamu hupendwa au hukataliwa. Picha inayojulikana mno ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya, ilipigwa baada ya kukamatwa kwake Oktoba 1956: amelala, mikono imetiwa pingu. Sanamu yake ya Nairobi, iliyozinduliwa 2007, imemsimamisha na bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Inaikana picha waziwazi. Hiyo ndiyo kazi iliyotakiwa, kwa kuwa picha ile ilikuwa ushahidi wa aliyemkamata. Sura ya Kimathi haikuwa mfukoni mwa kila mtu, kwa hiyo mchongaji alikuwa na nafasi ya kumrudishia kimo chake. Nyerere hatoi nafasi hiyo. Sura yake imepita mikononi mwa watu kila siku, kwenye sarafu na noti, tangu miaka ya 60.

Swali zito kwangu basi si la pua, ni la mwenye mali: sanamu iliyowekwa hadharani ni ya nani? Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra aliweka katika uwanja wa Federal Plaza, New York, ukuta wa chuma uliopinda, urefu wa mita 36 na kimo cha zaidi ya mita tatu na nusu. Wafanyakazi wa ofisi za jirani walichoka kuuzunguka. Katika kikao cha kusikiliza maoni mwaka 1985 walizungumza watu 180, na 122 kati yao waliutetea. Mwaka 1989 uliondolewa hata hivyo. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wajinga dhidi ya sanaa. Mimi naona hoja ya wapita njia ilikuwa na uzito wake: walidai haki kwa miguu yao, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakivuka uwanja ule kila siku.

Addis imegeuza hoja hiyo. Wanaopita mbele ya sanamu ni wajumbe wa nchi kadhaa, na wengi hawana ugomvi nayo. Wanaolalamika wako Mwanza, Tanga, Songea, na wengi wao hawatafika pale maisha yao yote. Kwa mantiki ya New York hawana kesi. Lakini nani atawaambia hivyo? Sanamu ya mtu huwa na umma wa aina mbili: walio karibu na shaba, na walio karibu na marehemu. Hawa wa pili wakidhulumiwa, hakuna njia ya kuizunguka dhuluma hiyo kama wafanyakazi wa Federal Plaza walivyouzunguka ukuta.

Simaanishi tupige kura. Kura ingetuletea noti ya 1000 iliyovimba, nayo ingekuwa maiti ya namna yake. Lakini kabla ya shaba kuna udongo, na udongo unasikia kidole: shavu lililozidi huondolewa mchana mmoja bila kamati wala fedha ya ziada. Hapo ningewaketisha wachache waliokula na kubishana na Mwalimu, wakiwa na ruhusa ya kusema siye, na fundi akiwa na ruhusa ya kuwabishia.