Mizani Moja, Mizigo Tofauti

Pale Kariakoo kiroba kikiwekwa juu ya mizani, sindano haiulizi kama kimeletwa na lori au kimebebwa na kuli mgongoni kwenye jua la saa nane. Inasoma kilo tu. Tunaiheshimu kwa sababu haina upendeleo.

Mtihani wa kidato cha nne tumeupa heshima hiyohiyo. Karatasi ni moja kwa mtoto wa shule binafsi ya ada ya mamilioni na kwa wa sekondari ya kata, tukauita huo usawa. Naamini tulichanganya usawa wa kipimo na haki.

Kuna binti wa kidato cha tatu ninayemkuta Mtaa wa Kongo jioni, bado kavaa sketi ya shule, akikunja madera kwenye meza ya mama yake. Mteja akiondoka, anafungua daftari. Siku moja nilichungulia: amechora bureti ya maabara kwa penseli, mistari ya mililita kaipima kwa rula, safi kabisa.

"Umeshawahi kuishika?"

"Bado, baba. Mwalimu alituchorea ubaoni."

Huyu akipata C ya kemia, na aliyekulia maabara akipata C, cheti kitasema wamelingana. Mimi sikubali.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, likisema mazingira ya shule hayafanani. Lilifanya vyema. Lakini kuacha kutangaza hakujabadili mizani. Wala sitaki mtihani ulegezwe: mgonjwa anahitaji daktari anayejua, na kumlegezea mtoto wa kata ni kumdharau. Tulishajaribu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyowaacha zaidi ya nusu ya watahiniwa na ziro, yalifutwa na kupangwa upya mwaka uliofuata. Alama zikapanda bila mtoto yeyote kujifunza neno jipya.

Kufaulu ni mahali ulipofika, na ni umbali uliotembea pia. Baraza hilohilo ndilo linalosimamia mtihani wa darasa la saba, wa kidato cha pili na wa nne, kwa hiyo safari yote ya mtoto imo mikononi mwake. Lichapishe basi na umbali: shule ilimpokea mtoto akiwa wapi, ikamfikisha wapi. Na wenye mafungu ya fedha wahakikishe yule binti anashika bureti ya kweli kabla ya mtihani wake wa Novemba mwakani.